Mpira wa Mzee Manasseh Ulienda Kulia

Mwanafunzi wangu mkongwe kuliko wote ndiye aliyekuwa akikata nyasi za uwanja ninaofundishia. Anaitwa Manasseh Ombati, mtu wa Keumbu, na aliponijia alikuwa na miaka hamsini na tisa na miezi kadhaa. Miezi hiyo ndiyo iliyomleta. Katika klabu yetu ya gofu hapa Kisii, mfanyakazi akifikisha sitini anapewa chai, hotuba na saa ya ukutani, kisha anakwenda nyumbani. Mzee Manasseh hakutaka saa ya ukutani. Alitaka kubaki uwanjani, na njia ilikuwa moja tu: afaulu mtihani wa kucheza unaofanyika Kisumu kila Novemba, apate cheti cha mwalimu msaidizi, klabu imwandike upya.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameujaribu akaanguka. Mtihani unataka mtu amalize mashimo kumi na manane kwa mapigo yasiyozidi themanini na manne. Yeye alitumia tisini na matatu. Safari hii ingekuwa ya mwisho, kwa sababu baada ya Desemba hangekuwa mtu wa klabu tena, na klabu ndiyo inayompeleka mtu mtihanini.

Mimi ni Trisha, binti ya Shashikant wa duka la vitambaa. Nimezaliwa Kisii, nikajifunza gofu hapa hapa nikimfuata baba, nikafundisha Nairobi miaka sita, nikarudi. Baba husema nilizaliwa na swali mdomoni, na kwamba nisipojibiwa upesi nafurika kama maziwa jikoni. Sibishi.

Siku ya kwanza Mzee Manasseh alikuja na fimbo moja ya chuma, aliyopewa na baba yangu miaka kumi na minne iliyopita. Nikamwambia apige. Akapiga. Mpira ukaondoka vizuri kabisa, halafu ukakumbuka jambo upande wa kulia ukaenda huko. Wa pili vilevile. Wa kumi vilevile. Huko Kisumu, upande wa kulia wa mashimo mengi kuna maji na matete, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza yale mapigo tisini na matatu yalitoka wapi.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikambadilisha mshiko. Nikamsogeza miguu. Nikalaza mwavuli chini autumie kama mstari. Nikambana kitambaa kwapani ili mkono usiruke. Wiki nne zikaisha, nami nimeshaanza kumfokea, jambo ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kumfanyia mtu wa umri wake. Yeye hakukasirika hata mara moja.

"Si watu husema samaki mkunje angali mbichi?" aliniambia siku moja akifuta jasho. "Mimi ni omena ishakauka, Mwalimu. Ukinikunja navunjika."

Nilicheka, lakini nilikuwa nimekata tamaa. Kisha jioni moja tukiwa tunarudi, mpira wake mmoja ukasimama kando ya shimo la nne, pale ardhi inapoinuka kama ukuta. Akaupiga bila kufikiri. Ukaenda moja kwa moja, safi, mbali kuliko ninavyoweza mimi.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwekea mpira mwingine, na mwingine, yote pale mteremkoni. Minane kati ya kumi ilinyooka. Tukashuka mahali tambarare, hatua ishirini tu, akapiga, mpira ukaenda kulia.

Sasa nilikuwa nimepata kitu cha kunisumbua. Mtu asiyejua kupiga hakosei kwa utaratibu hivyo. Nikamuuliza alijifunzia wapi.

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna uwanja?"

"Kuna shamba," akajibu, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama nyumbani kwake kuna mlango.

Kuuliza si ujinga, ila kuna maswali ambayo ni lazima uyafuate kwa miguu yako. Jumapili iliyofuata, maana Jumamosi ni Sabato yao, nilichukua pikapu ya baba nikaenda Keumbu.

Kwa Mzee Manasseh hakuna mahali unapoweza kuweka yai chini ukalikuta. Nyumba ziko juu karibu na barabara. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba kuna michai, halafu majani ya nepia, halafu kijito. Katikati ya mteremko huo amebakiza ukanda wa nyasi wa kulishia ng'ombe, unaokata shamba kutoka upande hadi upande, na hapo ndipo alipokuwa akifanyia mazoezi kila jioni kwa miaka kumi na minne. Alisimama akiutazama mlima, mpira ukiwa juu ya nyayo zake, karibu usawa wa goti, akapiga kuelekea mikaratusi ya jirani. Mpira ukafika kwenye mikaratusi. Akapiga mwingine, nao ukafika.

"Nipe," nikasema.

Nikasimama pale pale alipokuwa, nikapiga kama ninavyofundisha watu. Mpira ukakata kushoto, ukashuka, ukaingia kijitoni. Wa pili ukaufuata. Wa tatu sijui ulienda wapi lakini nilisikia maji.

Mke wake, Joyline, alikuwa ameketi juu kidogo akichambua maharagwe kwenye beseni. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Karibu, Mwalimu wa mtoni!"

Sikukasirika. Nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Ardhi ikiuinua mpira juu ya miguu yako, mteremko wenyewe unautupa kushoto. Mzee Manasseh, bila mtu kumwambia, alikuwa ameufundisha mwili wake kuusukuma mpira kulia kwa kiasi kile kile, na huku na huku vikifutana, mpira unanyooka. Ukimtoa kilimani ukamweka tambarare, hakuna wa kufutana naye, inabaki kulia peke yake. Nilikuwa nimemfokea wiki nne kwa jambo ambalo mimi mwenyewe ningelisomea miaka. Nikamwomba radhi mbele ya mke wake.

"Hiyo hakuna shida," akasema. "Sasa dawa ni gani?"

Dawa niliiona hapo hapo. Ageuke. Asimame akitazama bonde, mpira uwe chini ya nyayo zake, apige kuelekea upande wa pili wa shamba. Kwa mkao huo mteremko unautupa mpira kulia zaidi, kwa hiyo asingekuwa na ujanja ila kuifundisha mikono yake kuurudisha. Akiweza kuunyoosha hapo, Kisumu itakuwa mkeka. Nilimweleza kwa haraka, mikono yangu ikizunguka hewani, nikitegemea afurahi.

Akatazama upande ule. "Yaya," akasema. Hapana.

"Kwa nini?"

"Huko hapana."

"Huko kuna nini?"

"Huko ni kwa Haron."

Mwisho wa ukanda, chini kidogo ya zile nyingine, niliona nyumba yenye mabati mekundu na mlango wa buluu, kama hatua mia na thelathini kutoka tuliposimama, na madirisha mawili yakitukodolea macho. Nilijua Haron ni mtoto wake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, ambaye hulala huko siku za kazi na kurudi kwa mke wake kila Ijumaa. Nikasema basi tumwombe ruhusa. Mzee Manasseh akaegemeza fimbo kwenye mgomba akaenda kumtazama ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Hapo nikafurika. Nikamwambia Joyline kwamba mume wake ana miezi minne tu, kwamba mimi naacha Jumapili yangu, kwamba mpira hauna sumu. Aliniacha nimalize.

"Trisha, wewe umezaliwa hapa, lakini umezaliwa mjini," akasema. "Baba haingiangi nyumba ya mtoto wake mwenye ameoa. Hata mvua inyeshe aje, yeye anasimama nje. Hiyo ndiyo chinsoni. Sasa akipiga hiyo mpira iingie chumbani kwao, ataifuata na mguu gani? Na bibi ya Haron akitoka nayo kwa mkono, watatazamana aje?"

Neno chinsoni nilikuwa nimelisikia dukani kwetu tangu utotoni, wateja wakilitaja kwa habari za heshima na aibu baina ya wazazi na watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kumchagulia mtu upande wa kupigia mpira kwa miaka kumi na minne. Nikaitazama tena ile nyumba, kisha nikaona kitu.

"Mama Haron, mpira wa mzee unaenda kulia, sivyo?"

"Ee."

"Na kwa mkao huo utaenda kulia zaidi, utelemke kwenye nepia. Nyumba iko mbele. Mpaka siku atakayoweza, nyumba iko salama."

Alinitazama, akaanza kucheka, maharagwe yakamwagika. "Na akiweza?"

"Akiweza, tutalia siku hiyo."

Joyline mwenyewe ndiye aliyempelekea Haron maneno hayo Ijumaa, maana si jambo la baba kumwomba mwana. Jibu lilirudi kwa maneno mawili: "Baba apige."

Tukaanza Julai. Kila Jumapili nilikwenda Keumbu, na siku nyingine alipiga peke yake akitoka kazini. Mwanzoni mipira yote ilitelemka kwenye nepia, tukaitafuta kwa fimbo kama watu wanaotafuta nyoka. Alilalamika kwamba mikono si yake. Alisema ni kama kuvaa viatu vya ndugu yako: vinaingia, lakini unajua si vyako. Nilipenda kumwangalia. Bega likitaka kufanya la zamani, nyonga inakataa, goti halijui limsikilize nani. Sijawahi kuona mwili wa mtu ukibishana wenyewe kwa wenyewe kwa uwazi hivyo, na kila wiki nilirudi mjini nikiwa na maswali mapya ya kumchosha baba nayo mezani.

Kufika Septemba mipira ilikuwa imeacha nepia, ikawa inaangukia kwenye michai, kila wiki karibu zaidi na ile nyumba. Halafu ikaacha kusogea. Wiki tatu nzima ilianguka pale pale, hatua kumi kulia kwa mlango wa buluu. Nilichunguza mikono, nilichunguza miguu, sikuona kasoro. Ndipo nilipomtazama usoni wakati anapiga.

"Mzee, unaweza," nikamwambia. "Unaizuia makusudi. Unaogopa."

"Siogopi. Niko na heshima."

"Kisumu hakuna nyumba ya Haron."

"Lakini hapa iko."

Jumapili iliyofuata Joyline alimwita kutoka jikoni wakati fimbo imeshafika juu, kuhusu chai, na akili yake ikageuka upande wa chai. Mpira ukatoka chini ya miguu yake, ukapanda, ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi, ukaingia dirisha la chumba cha Haron. Tulisikia kioo.

"Umeweza!" nikapiga kelele, nikaruka juu na chini. "Mzee, umeweza!"

Yeye alikuwa ameketi chini, amejifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Haron akatoka na mpira. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye miwani. Hakumtazama baba yake. Alipanda hadi kwa mama yake, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kutufikia sote: "Mama, mwambie Baba hiyo dirisha ilikuwa imekataa kufunguka. Sasa hewa inaingia."

Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka, nami nilijuta mara moja, kwa maana Mzee Manasseh alikuwa akiitazama michai kana kwamba inahesabu dhambi zake.

Akaacha. Kazini alikata nyasi zake, akanisalimu vizuri, akanipita. Jumapili ya kwanza nilikwenda Keumbu nikamkuta anapalilia migomba. Ya pili nikamkuta anapalilia migomba ile ile, iliyokwisha paliliwa. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita, kisha tano. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia chinsoni, nikajikasirikia kwa kile kicheko. Nilimwambia baba kwamba mzee ataenda nyumbani na saa ya ukutani kwa sababu ya kioo kimoja. Baba alinijibu kwamba kama ningeelewa kioo kile ni nini, nisingesema kimoja.

Jumapili ya tatu nilikwenda kumuaga. Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa, basi, yaishe. Nilipofika kwenye ukanda wa nyasi nikamkuta amesimama, jembe limelala chini, anatazama upande wa pili. Nikatazama nami. Madirisha yote mawili ya Haron yalikuwa yamepigiliwa mabati kutoka nje, pembe kwa pembe, misumari ikimetameta. Haron alikuwa ameyapigilia asubuhi hiyo kabla baba yake hajaamka, kisha akaenda sokoni kana kwamba hakuna lililotokea. Hakumwambia mtu. Hakutuma neno.

Joyline akaja akasimama nasi.

"Watakaa kwa giza?" Mzee Manasseh akauliza.

"Watakaa."

"Na mtoto wa watu?" Alimaanisha mke wa Haron.

"Yeye ndiye alikuwa anashikilia misumari."

Mzee aliingia nyumbani kwake, akatoka na fimbo. Mpira wa kwanza uligonga mabati kwa kishindo kilichosikika ng'ambo ya kijito, na mbwa wote wa mlima ule wakaitika. Akapiga wa pili. Siku hiyo alipiga mpaka viganja vikachubuka, na macho yake yalikuwa na machozi muda wote, wala hakuyafuta. Kwa wiki nne watu wa nyumba ile waliwasha taa mchana.

Kisumu ilikuwa siku ya jua kali, na uwanja umelala tambarare hadi ziwani. Sheria zinamkataza mwalimu kumsemesha mtahiniwa, kwa hiyo nilitembea mbali nyuma nikitafuna kucha. Mkoba wa fimbo ulibebwa na Haron. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Walitembea siku nzima baba mbele, mwana nyuma kidogo, na sidhani kama walisemezana maneno ishirini, mengi yakiwa "leta hiyo" na "shika."

Mashimo tisa ya kwanza aliyamaliza kwa mapigo arobaini na mawili. Kwenye shimo la kumi na nne mpira wake ulizama mchangani, akapoteza mapigo mawili, nikaona bega lake la kulia linaanza kukumbuka mambo yake. Kufikia shimo la mwisho alikuwa na sabini na tisa. Akitumia matano amefaulu, akitumia sita amekwisha, na upande wote wa kulia ulikuwa maji. Alisimama juu ya mpira muda mrefu hata msimamizi akatazama saa. Kisha akapiga, nao ukaenda moja kwa moja. Alimaliza kwa manne. Themanini na matatu.

Haron aliweka mkoba chini, akampa baba yake mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko chake mwenyewe kwa adabu. Mimi nililia bila kuficha, mbele ya watu nisiowajua.

Barua ya klabu ilikuja kabla Desemba haijafika nusu. Kuanzia Januari angekuwa mwalimu msaidizi, siku tano kwa wiki, juu ya nyasi alizokata maisha yake yote. Mama yangu Padma alipika ladu, vile vitamu vyetu vya sherehe, sahani nzima akanituma nizipeleke Keumbu.

Nilipofika, Haron alikuwa ameshabandua mabati na kuweka vioo vipya. Mzee Manasseh alikuwa kwenye ukanda wa nyasi, lakini alikuwa amegeuka. Alisimama akiutazama mlima, kuelekea mikaratusi ya jirani. Akapiga. Mpira ukakata kushoto, ukashuka kijitoni.

Nilicheka. "Karibu, Mwalimu wa mtoni!"

Yeye hakucheka. "Niko hapa tangu asubuhi," akasema. "Zote zinaenda kwa maji. Nilitaka tu kupiga moja yangu."

"Si una nyingine sasa, nzuri zaidi?"

"Hiyo ni ya kazi. Nirudishie ile."

Niliweka sahani chini, nikajaribu. Nilimgeuza mshiko kama ulivyokuwa, nikamfungulia bega, nikamrudisha kiwiko. Nilizijua sehemu zote za pigo lile la zamani, maana miezi mitano nilikuwa nimezifukuza moja baada ya nyingine nikizitaja kwa majina. Nilipoziweka pamoja hazikushikana. Mpira ulikwenda kushoto, au haukwenda kokote. Tulijaribu mpaka ladu zikaingia sisimizi.

Mwishowe nikakumbuka kwamba nilimpiga video siku ile ya kwanza niliyofika pale. Nikaitafuta kwenye simu, nikaikinga jua kwa kiganja. Mtu wa kwenye simu alisimama kwenye ukanda ule ule wa nyasi, akainua fimbo bila haraka, akapiga, mpira ukapaa juu ya shamba ukafika kwenye mikaratusi. Mzee Manasseh akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena, uso wake karibu na kioo cha simu.

"Huyu mzee anapiga vizuri," akasema. "Nani alimfundisha?"

Nilibaki nimeshika simu, nikiona haya, maana yule mzee nilikuwa nimemfukuza mimi.